Mzee Keraryo na Ukurasa wa Saba

Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa mwalimu katika shule ya msingi ya Nyabusera, kijiji cha ujamaa kilichokuwa kati ya Bunda na Butiama. Asubuhi nilifundisha watoto, na saa kumi jioni, kwenye madawati yaleyale, nikafundisha wazazi wao. Watoto walikuwa rahisi. Mtoto ukimwambia hii ni "a", anakubali. Mzazi anataka kwanza kujua nani kasema.

Kitabu cha kusomea watu wazima hatukuwa nacho. Tulikuwa na ubao uliopasuka katikati, na chaki ambazo tulizikata vipande vitatu vitatu. Ndipo ofisi moja ya elimu huko Musoma ikaamua kututengenezea kitabu chetu wenyewe, kitabu cha pamba, maana pamba ndiyo kazi tuliyoijua. Wakasema kitabu kiwe na picha nyingi, kwa sababu mtu asiyejua kusoma angalau anajua kuona. Wakatafuta mchoraji.

Walimpata Silasi Masatu, kijana wa Murangi kule ziwani, mrefu, mwembamba, mwenye vidole vyeusi kwa wino hata siku ya Jumapili. Alikuja kwetu kwa Landrova akiwa na ofisa wa elimu, Ndugu Boniphace, mtu mfupi mchangamfu aliyetembea na kalamu tatu katika mfuko wa shati na kuzigusa kila alipotaka kusema jambo zito.

Silasi hakuwahi kusomea uchoraji. Alituambia mwenyewe, tena kwa fahari, kwamba alifundishwa na walimu wanne na hakuonana na hata mmoja wao. Wa kwanza ni yule aliyechora picha za katekisimu alizokuwa nazo padre: watu wenye nywele laini na macho yanayotazama juu, kila mmoja kama anasubiri kitu kidondoke kutoka mbinguni. Wa pili ni Mjerumani fulani wa zamani, kabla ya vita ya kwanza, aliyechora wanyama katika kitabu kimoja kikubwa kilichoachwa misheni, kwa mistari myembamba kama nywele, hata kope za swala ungeweza kuzihesabu. Wa tatu alikuwa Mhindi wa kalenda, zile za kutundikwa katika duka la vitambaa mjini Musoma. Wa nne alikuwa Mchina, au Wachina wengi, waliochora magazeti ya picha yaliyokuwa yakiletwa ofisini bure: watu wenye mashavu mekundu, wanacheka wote, wamenyoosha mikono juu.

"Majina yao siyajui," alisema Silasi. "Lakini mikono yao naijua. Ukiniletea picha mia moja, nitakutolea za kila mmoja."

Alikuwa amechora picha za majaribio, na Ndugu Boniphace alitaka zionyeshwe darasani kwangu kabla hazijapelekwa Mwanza kuchapwa. Jioni ile wanafunzi wangu walifika wote, thelathini na wawili, wengi wao akina mama. Mbele kabisa alikaa Mama Nyangi, ambaye macho yake hayakuona mbali. Yeye ndiye aliyekuwa akipamba kuta za nyumba pale kijijini, kwa majivu, udongo mweupe na udongo mwekundu. Ukioa, ukijenga, unamwita Nyangi.

Ndugu Boniphace akainua picha ya kwanza. Mwanamume amesimama shambani, ameshika jembe, anatazama juu.

"Ndugu wanafunzi, mnaona nini?"

Mama Marieta aliyekuwa dawati la pili akafanya ishara ya msalaba.

"Ni Mtakatifu Yosefu," akasema taratibu.

"Hapana, mama. Huyu ni mkulima wa pamba."

Bernado, mwenyekiti wa kijiji, akaona afadhali aokoe mambo. "Yosefu alikuwaga seremala," akasema. "Lakini kama ameamua kuingia ujamaa, sisi hatuna ubaya. Apewe shamba."

Ofisa akagusa kalamu zake, akainua picha ya pili. Mwanamke anachuma pamba, macho marefu, midomo myekundu, bangili hadi kiwiko.

"Huyo ni mke wa Mhindi mwenye duka," wakasema watu watatu kwa pamoja.

"Ameanza lini kuchuma?" akauliza mmoja nyuma.

Picha ya tatu: wakulima watano, ngumi juu, meno nje.

"Hao wanagombana na nani?" aliuliza Mama Marieta.

"Hawagombani. Wanafurahi."

"Wanafurahi nini, na mvua haijanyesha?"

Ya nne ilikuwa ng'ombe wa kukokota plau. Nakwambia kweli, ilikuwa picha nzuri. Kila unywele wa yule ng'ombe ulikuwa mahali pake. Hata mimi nilishusha pumzi nikidhani hapa tumepona. Mama Nyangi akainuka, akasogeza uso wake karibu na karatasi mpaka pua ikaigusa, akaipitia kuanzia pembe hadi mkia.

"Ng'ombe huyu ni mgonjwa," akasema.

"Kwa nini, mama?" Silasi aliuliza.

"Hana nundu. Nundu yake mmeipeleka wapi?"

Ilikuwa kweli. Ng'ombe wa Mjerumani hakuwa na nundu. Darasa zima lilicheka, na katika kicheko kile nilimwona Silasi akikusanya picha zake moja moja, akizigeuza uso chini.

Darasa lilipokwisha nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya shule. Mama Nyangi alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma.

"Mwanangu," alikuwa akimwambia, "mkono wako ni mzuri, tena mzuri sana. Shida ni moja tu. Huyu mtu hujamwona wewe. Umemwona mwenzako aliyemwona."

Kesho yake, Landrova ilipowashwa, Silasi alikataa kupanda. Akamwomba Ndugu Boniphace mwezi mmoja akae Nyabusera achore anachokiona. Ofisa alilalamika, akagusa kalamu, mwishoni akakubali, na Bernado akampa kijana kitanda nyumbani kwake.

Ilikuwa Januari, msimu wa palizi. Silasi alizunguka mashambani na ubao wake wa kuchorea chini ya kwapa. Alipotoka mashambani alimfuata Mama Nyangi na kumchanganyia udongo, naye akamwonyesha jinsi anavyochora ng'ombe: anaanza na nundu, kisha ng'ombe anafuata. Baada ya wiki moja picha zake zilikuwa zimebadilika kabisa. Niliona mgongo katika karatasi moja nikajua ni mgongo wa Mama Marieta kabla sijaona uso.

Shida ilikuwa kijiji. Habari zilipoenea kwamba kijana wa Murangi anachora watu na watu hao wataingia kitabuni, Nyabusera ilianza kupalilia ikiwa imevaa nguo za Krismasi. Akina mama walienda shambani na vitambaa vipya kichwani. Bernado alipalilia akiwa amevaa koti, koti zito la sufu alilopewa na marehemu baba yake, katika jua la Januari, na kila Silasi alipopita alisimama wima na jembe akaacha kupumua.

Mtu pekee ambaye hakujipamba alikuwa Mzee Keraryo Mseti. Huyu alikuwa na ng'ombe wengi, maneno machache, na kofia iliyokwisha juu ikabaki ukingo tu. Darasani kwangu hakuja hata siku moja. Mke wake, Mama Gati, alikuwa mwanafunzi wangu. Nilipomwomba mzee naye ajiunge, alinijibu hivi: "Mwalimu, ng'ombe wangu hawasomagi, na wananenepa."

Mwezi ule Mzee Keraryo alikuwa amejikata mguu kwa jembe, vibaya. Mganga wa zahanati alimfunga bandeji nene kuanzia vidole hadi juu ya kifundo, akamwambia akae. Akakaa. Alikaa nje ya nyumba yake, kando ya njia, juu ya kigoda, mguu mbovu ameuweka juu ya kigoda cha pili, mbwa pembeni. Nilipita pale kila siku nikienda shule, nikamsalimu, akaitika. Silasi naye alipita siku moja, akasimama kidogo, akachora, akaaga, akaenda zake.

Mwisho wa mwezi alirudi Musoma na karatasi zaidi ya mia mbili.

Vitabu vilikuja mwezi wa tano, vimefungwa kwa kamba, vinanuka wino mpya. Niligawa darasani na kwa nusu saa nzima hakuna aliyesoma hata herufi moja. Walikuwa wanajitafuta. "Huyu mimi!" "Na huyu mimi tena!" "Mbona mimi nimekatwa kichwa?" Mama Nyangi alipata ukurasa wake, akauweka mbali, akauweka karibu, akatabasamu. Ng'ombe wote katika kitabu kile walikuwa na nundu.

Kisha wakafika ukurasa wa saba.

Juu ya ukurasa alikuwa Bernado, na koti lake, amesimama katika pamba safi. Chini yake alikuwa mzee amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja umeinuliwa juu ya kigoda kingine kama mtu anayepunga upepo, kofia isiyo na juu, mbwa amelala. Nyuma yake shamba lilikuwa msitu. Mguu ule haukuwa na bandeji.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Gati mwenyewe. Alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu akanyamaza ghafla na kufunika mdomo.

"Ni mzee wangu!" akasema.

Alikipeleka kitabu nyumbani. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba asubuhi yake, nikiwa nafundisha watoto kujumlisha, mlango ulijaa Mzee Keraryo. Mguu ulikuwa umepona zamani. Mkononi ameshika kitabu, kidole kati ya kurasa.

"Mwalimu Pelagia," akasema. "Nisomee hapa."

Niliona aibu. Lakini mtu mzima amekuja na kitabu shuleni, utamnyimaje? Nikasoma. "'Mtu huyu ni mvivu. Amekaa tu. Hapalilii shamba. Pamba yake ina majani.'"

Akahesabu mistari kwa kidole. "Mistari ni mitano. Wewe umesoma minne."

"Wa tano unasema 'Soma tena.'"

"Basi soma tena."

Nikasoma tena, yote minne. Akangoja.

"Na ule wa tano?"

"Soma tena."

"Mwalimu, nakuheshimu sana," akasema Mzee Keraryo, na masikio yake yalianza kutetemeka. "Usinifanyie mchezo mbele ya watoto."

Nilijitahidi kumweleza. Hakuamini. Alikuwa na hakika kwamba katika mstari ule wa tano kulikuwa na tusi kubwa, kubwa mno hata mwalimu aliona haya kulitamka. Akaondoka bila kuaga. Saa kumi jioni alirudi na kigoda chake, kwa kuwa madawati ya shule hakuyaamini, akakiweka mbele kabisa, karibu na Mama Nyangi.

"Nifundishe," akasema. "Nitasoma mwenyewe."

Nikamfungulia ukurasa wa kwanza. Akaufunga. "Huu haunihusu," akasema, akafungua wa saba.

Nimefundisha miaka thelathini na minne, na sijapata tena mwanafunzi wa namna hiyo. Wenzake walianza na "a" na "e", yeye alianza na "mvivu". Alijifunza "m" kwa hasira, "v" kwa hasira zaidi. Baada ya wiki mbili aliliona neno lake kila mahali, hata mahali lisipokuwepo. Siku moja alisimamisha lori la pamba barabarani, karibu na Bunda, akamuuliza dereva kwa nini ameandika "mvivu" ubavuni. Lilikuwa limeandikwa "Mwanza". Dereva alimwonyesha herufi moja moja, mzee akashukuru, na jioni akanijia na "w", "n", "z", mpya kabisa, kama mtu aliyetoka mnadani na mbuzi watatu.

Mwezi wa sita aliwapita waliomtangulia. Mama Gati aliniambia nyumbani hakuna amani: mzee anasoma gunia la mbolea, anasoma kopo la dawa, anasoma kibandiko cha chumvi, na kila anaposoma anataka mtu akae amsikilize. Mwezi wa nane, jioni moja yenye upepo, alifungua ukurasa wa saba akausoma wote kimya, midomo ikicheza. Alipofika mstari wa tano alirudisha kidole juu. Kisha akausoma ukurasa tena, tangu juu. Akaniita.

"Mwalimu. Hukunidanganya."

"Sikukudanganya, mzee."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," akasema. "Nilidhani wamenitukana kwa siri. Kumbe wamenitukana wazi."

Alikisoma kitabu chote kilichobaki, siku tatu, kuhakikisha hakutajwa mahali pengine. Katika ukurasa wa kumi na tano alimkuta mbwa wake, peke yake, hana neno lolote baya chini yake, na jambo hilo lilimuuma kuliko yote. Akaniomba karatasi. Barua aliyoandika ninayo nakala yake, kwa sababu nilimnakilia mwenyewe kabla hajaituma:

"Kwa ofisi ya eremu. Mimi Keraryo Mseti wa Nyabusera. Nimesoma ukurasa wa saba. Si kweri. Mimi si mvivu. Nirikuwa na mguu mgonjwa na bandeji ya zahanati. Mchoraji ariiona. Ameiiba. Naomba airete. Mbwa wangu hamkumsema vibaya, asante. Ni mimi Keraryo."

Wiki ya tatu Landrova ilifika. Ndugu Boniphace aliruka chini kabla haijasimama vizuri, barua ameishika juu. Kijiji kilikusanyika shuleni, na ofisa akaisoma kwa sauti mara mbili, huku uso wake ukimeremeta.

"Miezi mitatu!" akasema. "Mtu ambaye hakujua 'a', leo ameandika barua kamili! Nitaiweka kwenye fremu, ukutani!"

Mzee Keraryo aliinuka kwenye kigoda chake.

"Ndugu Ofisa, unafurahi nini? Nimekushtaki."

Kicheko kilipotulia, Silasi, aliyekuja pamoja na ofisa, akasimama. Alikuwa amekuja na daftari lake la mwezi wa Januari. Alilifungua, akaligeuza kwa watu. Ndani yake alikuwa Mzee Keraryo yuleyule, kigoda kilekile, mbwa yuleyule. Na mguu ulikuwa umefungwa bandeji nene, kila mzunguko wa kitambaa umechorwa, na uso wa mzee, ambao kitabuni ulionekana kama wa mtu aliyeshiba, hapa ulikuwa wa mtu anayevumilia maumivu.

"Ndiyo hiyo!" Mzee Keraryo akasema. "Bandeji yangu!"

"Mbona kitabuni haipo?" niliuliza.

Silasi alimtazama Ndugu Boniphace. Ndugu Boniphace akagusa kalamu ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Niliona itachanganya wasomaji," akasema. "Bandeji ni somo la afya. Hiki ni kitabu cha pamba."

"Lakini mkono ulioifuta ni wangu, mzee," Silasi akasema haraka, kama aliyeogopa kwamba akichelewa ataacha kusema. "Aliniambia nifute, nikafuta. Nilijua. Nilikuona unaumwa, nikakuchora unaumwa, halafu nikakufanya mvivu. Naomba unisamehe."

Alikuwa na machozi karibu. Mama Nyangi, ambaye hakuwa amesema kitu siku ile, alitikisa kichwa tu, na nadhani kijana angependelea apigwe.

Ndugu Boniphace alikuwa na dawa. "Tunachapa upya mwakani," akasema. "Tutakutoa, mzee. Tutaweka mtu asiyejulikana."

"Nani kasema mnitoe?" Mzee Keraryo alishtuka. "Nitoke niende wapi? Watu wamekuja kutoka Buhemba kuniona! Mimi nataka bandeji yangu irudi. Na maneno yabadilishwe. Nimeshayaandika."

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka ndani ya ukingo wa kofia. Akaisoma mwenyewe, taratibu, akiweka kidole chini ya kila neno.

"'Mtu huyu ni mgonjwa. Ameumia mguu. Shamba lake lina majani. Majirani wanapita.'"

Hapo hapakuwa na aliyecheka.

"Mzee," Bernado akaanza, "hilo la majirani…"

"Ni uongo?" aliuliza Mzee Keraryo. Hakuuliza kwa hasira. "Nilikaaga pale mwezi mzima. Wote mlinisalimu, nashukuru. Nani alikuja na jembe?"

Mama Marieta alitazama vidole vya miguu yake. Mimi nilitazama ubao. Nilipita pale kila siku ya kazi, asubuhi na jioni, nikamsalimu vizuri na kumuuliza hali, na shamba lenyewe nililiona, likizidi kuota majani wiki baada ya wiki. Mama Gati alipalilia peke yake, mtoto mgongoni, na hakumaliza.

Ndugu Boniphace akasogea mbele. Alichomoa kalamu ya katikati.

"Huu ndio ujamaa wenyewe!" akasema. "Hili ndilo somo! Bandeji inarudi! 'Majirani wanapita.' Safi kabisa!"

"Ndugu Ofisa, tafadhali," Bernado alisema, na jasho lilimtoka ingawa siku ile hakuvaa koti. "Kitabu hiki kinasomwa mkoa mzima. Na hapo juu yake nipo mimi! Nimesimama na jembe, sina kazi, natazama mbele. Watasema ndiye jirani!"

"Si ndiye?" Mama Nyangi akauliza.

"Basi mimi nitoeni!"

"Baki, Mwenyekiti," Mzee Keraryo akamwambia kwa upole. "Tumeshakuzoea."

Silasi alirudi Januari iliyofuata kurekebisha picha. Naamini alikuwa bado yuko Bunda anatafuta usafiri wakati habari ilipotufikia kwamba anakuja. Bernado alipiga filimbi ya kijiji. Saa mbili asubuhi watu arobaini, wakiwa na majembe, waliingia shamba la Mzee Keraryo, shamba ambalo mwaka ule halikuwa na tatizo lolote, na wakalipalilia kwa kasi ambayo sijaiona tena. Walipalilia majani, walipalilia na mahali pasipo na majani. Mzee alikuwa amekaa nje anakunywa uji, mzima wa afya.

"Mnafanya nini?" aliwauliza.

"Tunapalilia, mzee! Pumzika!"

"Lakini mimi siumwi!"

"Hata hivyo!"

Basi akaendelea na uji wake, ameridhika kabisa, mpaka alipomwona Silasi anakuja njiani na ubao chini ya kwapa. Alitazama kigoda, akatazama watu arobaini wanaofanya kazi, akatazama kalamu mkononi mwa Silasi. Bakuli la uji lilianguka. Nilikuwa hapo, niliona: mzee wa zaidi ya miaka sitini akivuka ua kwa hatua nne, akampokonya mkewe jembe, akaanza kulima kando ya choo, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupanda kitu.

Silasi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachora. Akachora wote, kutwa nzima, na safari hii hakufuta kitu.

Kitabu kipya kilitoka kabla ya Saba Saba, na sherehe za mwaka ule kwa upande wetu zilifanyika Butiama. Ukurasa wa saba ulikuwa na bandeji na maneno ya Mzee Keraryo kama alivyoyaandika. Wa nane ulikuwa mpya: watu arobaini na majembe, Bernado mbele amevaa koti. Ng'ombe wa kurasa tatu walichorwa na Mama Nyangi kwa mkaa, na kwenye jalada yalikuwepo majina mawili, lake na la Silasi. Nilimsomea jina lake. Aliniambia namdanganya, kwa hiyo nikamwita Mzee Keraryo amsomee yeye. Alimwamini.

Pale Butiama walimweka mzee mezani, kwenye banda la elimu, awasomee wageni. Alisoma kutoka asubuhi mpaka sauti ikakauka. Mgeni mmoja kutoka Musoma, mwanamke wa heshima, aliusoma ukurasa, akamtazama, akasema kwa huruma, "Pole sana, mzee. Na hao majirani zako ni watu wabaya kweli."

Sisi majirani tulikuwa tumesimama nyuma yake, kumi na tano, na sare za kijiji.

"Hapana, mama," Mzee Keraryo alisema. "Si wabaya. Walikuwa hawajasoma."

Mwaka wa sabini na tano nilihamishiwa Buhare, pembeni ya Musoma, na nikaacha darasa lile mikononi mwake. Walisema hakuna mwalimu mkali kama yeye mkoani. Mtu akichelewa alimwambia atamwandikia ofisa. Na kweli aliandika. Alimwandikia ofisa, akaandikia zahanati, akaandikia wanunuzi wa pamba, mpaka Bernado akawa anaona bahasha anapata homa. Mimi mwenyewe nilipata barua kila mwezi. Ya mwisho ninayoikumbuka alinieleza kwamba mvua ni nzuri, kwamba Silasi amepita akielekea Mugumu kuchora kitabu cha mifugo, na kwamba sasa kuna udhia nyumbani: mkewe Gati naye anasoma vizuri, anafungua barua zake kabla hajazituma, na anamwambia haya ayaandike na yale asiyaandike. "Nimemkataria," aliandika. Chini yake, kwa mwandiko mwingine, mdogo na ulionyooka, kulikuwa na mstari mmoja: "Mwalimu, mzee anasema uongo. Amekubali yote. Ni mimi Gati."